Kumchagulia Mtoto Jina la Kigaeli au la Kikelti: Mwongozo kwa Wazazi Wanaozungumza Kiswahili

Wazazi wanaotafuta jina la Kikelti huanzia, mara nyingi, kwenye orodha ndefu zilizopangwa kwa alfabeti, kila jina likiwa na maana yake pembeni: shujaa, mrembo, binti wa bahari, mwenye nywele za dhahabu. Mwongozo huu unapendekeza njia iliyo kinyume. Jina huitwa mara nyingi kuliko linavyofasiriwa. Mtoto ataitwa nyumbani, darasani, kliniki na kiwanja cha ndege, na watakaomwita hawatakuwa na orodha hiyo mkononi. Kwa sababu hiyo linalotangulia hapa ni lugha ambamo jina limetoka, kisha sauti yake, kisha tahajia, na maana inakuja nyuma ya hayo. Maelezo haya yamekusudiwa familia zinazozungumza Kiswahili ambazo zina sababu yao ya kutafuta jina la namna hii: mama wa Kitanzania aliyeolewa Galway, muuguzi wa Kikenya anayejifungulia Glasgow au Cardiff, au familia ya Nairobi inayotaka kumkumbuka mtawa wa Kiayalandi aliyemsomesha bibi.

Hatua ya kwanza: tambua ni lugha gani unayoizungumzia

Hakuna lugha moja iitwayo Kikelti. Zipo lugha sita zilizogawanyika katika matawi mawili. Tawi la Kigaeli lina lugha ya Ayalandi, ya Uskoti na ya Kisiwa cha Man. Tawi la pili lina Kiwelisi cha Wales, lugha ya Cornwall iliyoko kusini magharibi mwa Uingereza, na Kibretoni kinachozungumzwa katika jimbo la Brittany, Ufaransa. Kila jina la Kigaeli ni la Kikelti, lakini jina la Kikelti si lazima liwe la Kigaeli. Dylan na Rhiannon ni majina ya Wales, na mtu wa Ayalandi akiambiwa ni ya kwao atashangaa kama Mkikuyu anayeambiwa kwamba Atieno ni jina la Kikikuyu.

Jina moja pia huvaa sura mbalimbali kulingana na lugha. Yohana ni Seán huko Ayalandi, Iain huko Uskoti, Siôn au Ieuan huko Wales, na Yann huko Brittany. Maria ni Máire kwa Waayalandi, Màiri kwa Waskoti na Mair kwa Wawelisi. Alama zilizo juu ya irabu nazo husaidia kutambua asili: Ayalandi huandika á, Uskoti huandika à, na Wales huandika â. Ukiona orodha inayochanganya alama hizo katika jina lile lile bila maelezo, ni dalili kwamba aliyeiandaa hakujali lugha yoyote kati ya hizo.

Kama mzazi mmoja anatoka Donegal huko Ayalandi au Kisiwa cha Lewis huko Uskoti, uchaguzi wa lugha umekwisha kufanyika. Kama hakuna uhusiano wa damu wala wa makazi, chagua lugha ambayo sauti zake zinakaa vizuri mdomoni mwenu. Hatua ya tatu itasaidia katika hilo.

Hatua ya pili: angalia kama jina hilo tayari liko nyumbani

Afrika Mashariki imejaa majina ya Kikelti ambayo wenyewe hatuyahesabu kuwa ya kigeni sana. Brian ni jina la mfalme wa Ayalandi, Brian Boru, aliyeuawa katika vita vya Clontarf mwaka 1014, na leo ni jina la kila mtaa wa Nairobi, ambako wenzake humwita Brayo. Kevin, ambaye vijiweni ni Kevo, ni Caoimhín, mtakatifu aliyeanzisha monasteri ya Glendalough karibu na Dublin. Sheila ni Síle, yaani Sesilia kwa namna ya Kiayalandi, na Maureen ni Máirín, Maria kwa umbo la udogo. Duncan, Kenneth, Donald na Malcolm ni majina ya Kigaeli cha Uskoti. Jennifer ametoka Cornwall, na Gladys na Winifred, majina ambayo wengi huyadhani ya Kiingereza kabisa, asili yake ni Wales.

Njia zilizoyaleta zinajulikana. Wamisionari wa Kanisa la Uskoti walijenga vituo Kikuyu na Tumutumu. Masista wa Loreto kutoka Ayalandi walifika Kenya mwaka 1921 na kufungua shule. Na Colm O'Connell, bruda wa Kiayalandi aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha katika shule ya St. Patrick's, ndiye aliyemnoa mwanariadha David Rudisha. Jina lake, Colm, linatokana na neno la Kilatini lenye maana ya njiwa, na ndilo jina la mtakatifu ambaye makanisa yetu humwita Kolumba.

Kabla ya kutafuta mbali, orodhesha majina ya namna hii yaliyomo katika ukoo wenu, halafu utafute ndugu zake. Baba aitwaye Kevin anaweza kumwita bintiye Caoimhe, kwa kuwa majina hayo mawili yana shina moja lenye maana ya upole na kupendeka. Bibi aitwaye Brigita anaweza kurithiwa kwa jina la Bríd au Breda. Babu Malcolm, ambaye jina lake lilimaanisha mfuasi wa Kolumba, anaweza kuendelezwa na mjukuu aitwaye Calum. Kwa njia hii mtoto hupata jina jipya ambalo bado ni la ukoo, na wazee hawapati sababu ya kuuliza limeokotwa wapi.

Hatua ya tatu: jifunze kulisoma kabla ya kulipenda

Hapa ndipo wazazi wengi hukata tamaa, na hawapaswi. Tahajia ya Kigaeli inaonekana kama fujo kwa anayeisoma kwa macho ya Kiingereza, lakini ina kanuni zake, na mzungumzaji wa Kiswahili anaingia akiwa tayari na sauti kadhaa ambazo Waingereza hawana.

Anza na lugha ya Ayalandi. Herufi c daima ni k, hata mbele ya e na i. Kwa hiyo Cillian ni Kilian na Ciara ni Kiira. Herufi s ikikaa karibu na e au i husomwa sh: Seán ni Shoon, Sinéad ni Shineed, Oisín ni Oshiin. Mseto wa bh na wa mh aghalabu husomwa v. Siobhán ni Shivoon, Niamh ni Niiv. Mseto wa th ni h tu, na hivyo Cathal ni Kahal. Mseto wa fh hausikiki kabisa, na ndiyo sababu jina la kale Órfhlaith leo huandikwa Orla bila hasara yoyote. Mseto wa ch ni kh ya kheri na Khamisi. Dh na gh zikiwa katikati au mwishoni mwa jina kwa kawaida humezwa, kama katika Fiadh, linalosomwa Fia. Alama ya kurefusha irabu, ambayo Waayalandi huiita fada, nayo si pambo: á husikika karibu na oo ndefu, é ni ee, í ni ii, ó ni oo na ú ni uu. Ukiiondoa unaweza kuwa umeandika neno jingine. Sean bila alama ni neno la kawaida lenye maana ya kitu kizee.

Chukua jina Caoimhe na ulivunje pole pole. C ni k. Irabu tatu, a, o na i, zinazofuatana hutoa sauti moja, ii. Mh ni v. E ya mwisho hutamkwa kwa ulegevu, karibu na a. Jina zima ni Kiiva. Ukienda kusini mwa kisiwa utasikia Kwiiva, na wote wawili wako sahihi kwao, kama ambavyo Mmvita na Muunguja hawatamki kila neno sawasawa. Kwa hiyo unapouliza jinsi jina linavyotamkwa, uliza pia mtamkaji ni wa wapi, na kama mwenzi wako ni wa Belfast usimsahihishe kwa rekodi iliyofanywa Cork.

Kuna jambo jingine linalotufurahisha wasemaji wa Kibantu: Waayalandi nao hawapendi baadhi ya konsonanti zibanane, hivyo huingiza irabu fupi kati yake. Colm hutamkwa Kolam. Mtu wa Iten anayemwita bruda wake Kolamu hakukosea sana.

Kigaeli cha Uskoti kina kanuni za karibu sana na hizo. Eilidh, jina lipendwalo huko, ni Eili. Mhairi ni Vari, na hapa inafaa kujua kwamba katika lugha hizi jina hubadilika mwanzoni mtu anapoitwa. Msichana ni Màiri, lakini ukimwita kutoka upande wa pili wa barabara utasema a Mhàiri. Mvulana ni Seumas, lakini anapoitwa ni a Sheumais. Waliokuwa wakisikia bila kujua lugha waliandika walichosikia, na hivyo Mhairi na Hamish yakawa majina kamili. Hakuna aibu ya kuyatumia, ila usistaajabu bibi wa visiwani akimwita mtoto wako kwa herufi ya kwanza usiyoitarajia.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, Kiwelisi ndicho rahisi kuliko vyote, na nashangaa kwamba hakichaguliwi mara nyingi zaidi. Mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na kwetu. Dd ni dh ya dhahabu, kwa hiyo Dafydd ni Davidh. Th ni th ya thelathini. Katika jina Angharad, ng ni ng' ya ng'ombe, ikifuatiwa na h: Ang'-ha-rad. Herufi f moja ni v, ff mbili ni f, na hivyo Ffion ni Fion, ua la porini. Herufi w mara nyingi ni irabu u. Sauti moja tu ndiyo itakayokutesa, ile ya ll katika Llywelyn, ambayo hutolewa kwa kuweka ulimi kama unataka kusema l kisha kupuliza hewa pembeni. Kama hamko tayari kuifanyia mazoezi, liacheni jina lenye ll.

Hatua ya nne: lipitishe kwenye masikio ya Kiswahili

Jina lililo zuri Dublin linaweza kuwa na habari nyingine Morogoro. Fiadh ndilo mfano mkali kuliko yote. Takwimu za serikali ya Ayalandi zililitaja kuwa jina lililopewa wasichana wengi kuliko mengine yote mwaka 2021. Linahusishwa na pori na paa. Lakini masikioni mwa Mswahili ni fia, shina la kufia, na hakuna shangazi atakayelipokea bila kushika kichwa. Áine, jina la kale sana, husikika Onya, na mtoto atakayeitwa hivyo katika shule ya Tanga atakuwa anatoa onyo kila anapojitambulisha. Enda, jina la mtakatifu wa visiwa vya Aran, ni amri ya kuondoka. Úna husikika kama mwanzo wa swali. Nia, ambalo ni umbo la Kiwelisi la Niamh, limebahatika: kwetu ni kusudio jema, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa majina machache yanayofaa pande zote mbili bila kulazimisha chochote.

Usitegemee uamuzi wako mwenyewe, kwa kuwa umeshalizoea jina. Mpigie simu mtu mzima wa nyumbani, mama mkwe au mjomba, usimwandikie. Mtamkie jina mara moja tu, halafu mwombe alirudie baada ya mazungumzo mengine. Atakachorudia ndicho mtoto atakachoitwa likizo zote. Saoirse, ambalo Waayalandi husema Siirsha au Sersha, hurudi mara nyingi likiwa Sasha. Kama Sasha haliwaudhi, endeleeni. Niamh hurudi Nivu, na Cian hurudi Kiani, kwa sababu Kiswahili hupenda kufunga neno kwa irabu. Kwa wasemaji ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi r na l, jina lenye sauti zote mbili, kama Orla, litayumba. Nuala, Mona, Cara, Moira na Eira husafiri vizuri kwa kuwa silabi zake zimekaa kama zetu.

Sikiliza pia upande wa pili. Tadhg, linalotamkwa Taig, ni jina la heshima na la zamani kusini mwa Ayalandi, lakini Ireland ya Kaskazini neno hilo lilitumika kwa muda mrefu kuwatukana Wakatoliki. Familia inayoishi Belfast inapaswa kulijua hilo kabla ya kujaza fomu, hata kama itaamua kulichagua.

Hatua ya tano: amua tahajia, na iwe moja

Majina mengi yana tahajia ya asili na tahajia iliyorahisishwa kwa Kiingereza, na zote mbili zinakubalika: Méabh na Maeve, Caoimhe na Keeva, Ruairí na Rory, Sadhbh na Sive. Ushauri wangu ni huu. Mtoto atakayekulia Ayalandi, au katika sehemu za Uskoti zinazozungumza Kigaeli, apewe tahajia ya asili, kwa kuwa mwalimu wake ataisoma bila shida na tahajia ya Kiingereza inaweza hata kumfanya aonekane mgeni. Mtoto atakayekulia Mombasa, Kampala au Muscat apewe tahajia iliyorahisishwa, ikiwa ipo, vinginevyo atatumia maisha yake akieleza kwa nini b na h zinasomwa v.

Kinachopaswa kuepukwa ni tahajia ya tatu iliyobuniwa nyumbani. Niiv, Shivoni na Ifa (yaani Aoife) zinasomeka kwetu, lakini hazitambuliki kokote kwingine, na mara nyingi mtoto huishia kuwa na jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine kwenye pasipoti ya nchi ya pili. Isipokuwa yale ambayo makanisa yetu yaliyaswahilisha zamani, kama Brigita na Kolumba. Hayo ni majina kamili kwa haki yake.

Muwe waangalifu pia na majina yaliyozaliwa ughaibuni. Colleen limetokana na neno la kawaida la Kiayalandi lenye maana ya msichana, na limeenea Marekani na Australia, lakini Ayalandi kwenyewe ni vigumu kumkuta aliyepewa. Shannon ni mto. Erin ni jina la nchi yenyewe. Caitlín kwa Waayalandi husomwa Katliin, au Kachliin, ilhali Keitlin ni usomaji wa Marekani. Mnaweza kuyachagua, mradi mjue kwamba yanamtambulisha mtoto zaidi na wahamiaji waliovuka Atlantiki kuliko na kisiwa.

Hatua ya sita: sasa uliza maana, na uliza nani aliwahi kuitwa hivyo

Maana zilizoandikwa kwenye orodha ziko za aina tatu. Zipo zilizo wazi kwa sababu jina ni neno linalotumika hadi leo: Saoirse ni uhuru, na lilianza kutumika kama jina la mtu katika karne ya 20, enzi za kudai taifa, kama Kenya ilivyompata Uhuru, Seren kwa Kiwelisi ni nyota, Eira ni theluji, Aisling ni ndoto au maono. Zipo zinazotokana na majina ya kale ambayo mzizi wake unajadiliwa, na Aoife ni mojawapo, ingawa orodha zote humwita mrembo bila kusita. Na zipo zilizopambwa. Majina ya ukoo yaliyogeuzwa kuwa majina ya kwanza ndiyo yanayopambwa zaidi, kwa kuwa asili yake mara nyingi ilikuwa utani: Cameron inaelezwa kuwa ni pua iliyopinda, Campbell ni mdomo uliopinda, na Kennedy, jina la maelfu ya wanaume wa Kenya, lina neno la kichwa ndani yake, na sehemu iliyobaki inaweza kuwa kofia ya chuma au inaweza kuwa ubaya wa sura. Fiona, ambalo wengi hulidhani la kale, lilizaliwa katika maandishi ya Uskoti ya karne ya 18.

Kwa hiyo mimi huona hadithi ya mwenye jina ina uzito kuliko maana ya neno, kwa kuwa hadithi ndiyo ambayo wenyeji huikumbuka wanapolisikia jina. Niamh ni yule mwenye nywele za dhahabu aliyempeleka Oisín katika nchi ya ujana wa milele, na Oisín aliporudi akidhani amekaa miaka 3 alikuta imepita 300. Ni jozi nzuri kwa mapacha, ikiwa hamtajali mwisho wake. Méabh alikuwa malkia wa Connacht katika visa vya kale, mwenye amri na mwenye kupenda vita. Aoife ni wawili: mmoja ni shujaa wa kike, mwingine ni mama wa kambo aliyewageuza watoto wa Lir kuwa mabata maji kwa miaka 900. Deirdre ni huzuni kutoka mwanzo hadi mwisho, na bado Waayalandi wameendelea kuwaita binti zao hivyo. Gráinne ni mchumba aliyetoroka na Diarmuid, lakini pia ni Gráinne Mhaol wa Mayo, kiongozi wa majini aliyekwenda kukutana na Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1593. Wazazi wanaotaka binti mwenye msimamo hawatapata bora. Bríd ni mtakatifu wa Kildare ambaye sikukuu yake ni tarehe 1 Februari, na tangu mwaka 2023 Ayalandi ina mapumziko ya kitaifa kwa heshima yake.

Familia za Kiislamu zinazoishi visiwani humo, na zipo, mara nyingi huulizia jina ambalo halitapingana na dini. Majina yaliyoingia Kigaeli kutoka vitabu vitakatifu yanatosha: Máire ni Mariamu, Séamas ni Yakubu, Dáibhí au Dafydd ni Daudi, Mícheál ni Mikaili. Usichanganye tu Máire na Muire. Hilo la pili Waayalandi wamelitenga kwa ajili ya mama wa Yesu peke yake na hawampi mtoto yeyote.

Hatua ya saba: lipe jina nafasi yake kati ya majina mengine

Mtoto wetu hana jina moja. Ana la kwake, la baba na la babu, au ana la ubatizo na la kwao. Kwa Wakikuyu mtoto wa kwanza wa kiume humrithi baba wa baba yake, na kwa Wajaluo saa ya kuzaliwa ina neno lake. Jina la Kigaeli lisije likasukuma hayo nje. Liwekeni mwanzo, na la ukoo lifuate: Orla Wanjiku, Fionn Otieno, Nia Mwakyusa. Yatamkeni yote kwa mfululizo, kwa sauti, na msikilize mpaka wa jina moja na jingine. Jina linaloishia kwa konsonanti hukaa vizuri mbele ya jina linaloanza kwa irabu. Niamh Atieno hutiririka, ilhali Niamh Mwangi huminyana katikati.

Kwa jina refu, amueni mapema ufupisho gani utatumika. Msipouamua, wenzake shuleni watauamua.

Hatua ya nane: liandikisheni kwa uangalifu

Muda wa kuandikisha hutofautiana. Uskoti hutoa siku 21 tangu kuzaliwa. England, Wales na Ireland ya Kaskazini hutoa siku 42. Jamhuri ya Ayalandi hutoa miezi 3. Tanzania, kupitia RITA, wakala wa serikali wa usajili, uandikishaji wa kawaida ni ndani ya siku 90, na Kenya ni ndani ya miezi 6. Nendeni ofisini mkiwa na jina limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi, alama zake zikiwa zimewekwa wazi, na mmpe karani karatasi hiyo badala ya kumtajia kwa mdomo. Kabla ya kutia saini, mmoja wenu alisome lililoandikwa herufi baada ya herufi, na mwingine alifuatilie kwenye karatasi.

Jueni kwamba alama za juu ya irabu hazitaonekana katika mistari miwili inayosomwa na mashine chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Mtoto anayeitwa Róisín kwenye cheti atakuwa ROISIN kwenye mistari hiyo, na tiketi ya ndege iandikwe kwa namna hiyo ya pili. Mtoto mwenye haki ya pasipoti mbili aandikwe kwa tahajia ile ile, na kwa mpangilio ule ule wa majina, katika nchi zote mbili. Mfumo wetu wa majina matatu huwachanganya maofisa wa Ulaya, ambao hulichukua la mwisho kuwa la ukoo wote.

Na ikiwa baada ya miezi michache mmegundua kwamba kila mtu anamwita mtoto kwa jina jingine, England na Wales huruhusu jina la kwanza kubadilishwa katika rejista ndani ya miezi 12 tangu kuandikishwa, kwa fomu maalumu inayopatikana katika ofisi ile ile mlikomwandikisha. Nchi nyingine zina taratibu zake, na karani wa eneo lenu ndiye wa kuulizwa kabla ya mtoto kupata pasipoti yake ya kwanza.